Eti Ukimwi ni ugonjwa wa mashoga? Maswali yenu na majibu

Meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja: nani hasa anapata VVU, na je, kupata huko kunahusiana na mtu kupenda wanaume au wanawake. Nimechagua nane, nimezifupisha, majina hayapo.

Mimi ni mwanaume, nina mke na kuna dada mwingine tunaonana pembeni. Sijawahi hata kuwaza kulala na mwanaume mwenzangu. Washkaji wanasema hii kitu ni ya mashoga, sisi wengine tunatishwa tu. Kuna haja ya kupima kweli?

Kapime ndugu yangu, na mkeo apime, na huyo dada naye apime.

Hayo maneno ya washkaji yana chanzo chake. Juni 1981 kule Marekani, kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa ripoti ya vijana watano wa Los Angeles, wote mashoga, waliopata nimonia ambayo haikuwa kawaida kumpata kijana mzima wa afya. Kwa kuwa hao ndo walioandikwa kwanza, 1982 kuna watu wakaanza kuuita upungufu wa kinga wa mashoga. Lakini mwaka huohuo wakaonekana watu wenye hemofilia, yaani damu yao haigandi vizuri, waliopata kupitia dawa zilizotengenezwa kwa damu ya watu wengine, wakaonekana watoto wachanga, na mapema 1983 wakaripotiwa wanawake waliopata kwa wanaume wao. Lile jina likaachwa, likaja AIDS, sisi tukasema Ukimwi. Ila jina liliondoka na fikra zikabaki, hadi leo unazisikia kwa washkaji zako.

Na baadaye wanasayansi walipofuatilia nyuma wakakuta virusi vilitoka kwa sokwe kwenda kwa binadamu Afrika ya Kati mwanzoni mwa karne ya 20, na kuna sampuli ya damu ya Kinshasa ya 1959 yenye VVU tayari. Kwa hiyo vilikuwa vinatembea miongo kabla ya wale vijana watano. Mwisho wa 2023 UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na Ukimwi, walikadiria watu milioni 39.9 wanaishi na VVU duniani, na zaidi ya nusu ni wanawake na wasichana, asilimia 53. Fikiria hiyo namba halafu uniambie kama ni ugonjwa wa mashoga.

Mnajichanganya. Mara si ugonjwa wa mashoga, mara mnasema wanaume wanaolala na wanaume wako kwenye hatari kubwa. Kipi ni kipi?

Yote mawili ni kweli na hapa naomba unisome taratibu, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

VVU vinapita kwenye damu, shahawa, majimaji ya ukeni, majimaji ya njia ya haja kubwa na maziwa ya mama. Ngozi ya ndani ya njia ya haja kubwa ni nyembamba, inachanika kirahisi, na imejaa zile seli za kinga ambazo virusi vinazitafuta. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba anayeingiliwa nyuma na mtu mwenye VVU, bila kondomu na bila dawa yoyote, hatari ni kama maambukizi 138 kwa kila matendo 10,000, wakati mwanamke anayeingiliwa kwa njia ya kawaida ni kama 8 kwa 10,000. Tofauti ni kubwa sana. Lakini angalia vizuri, hiyo ni hatari ya tendo. Wapo wanaume na wanawake wengi wanaofanya hilo tendo, wengine kukwepa mimba, wengine ili msichana abaki bikira, na wengi wao hata hawalihesabu kama ngono kwa hiyo kondomu haiguswi. Dada wa namna hiyo yuko kwenye hatari ileile, na shoga asiyefanya tendo hilo hana hatari hiyo.

Halafu kuna mazingira. Watu wakiwa wachache na wanachaguana humohumo, virusi vikiingia vinazunguka haraka. Na mtu anayeogopa kutukanwa, kupigwa au kukamatwa haendi kupima, hachukui kondomu mbele za watu, hapati vilainishi vya maji, anaishia kutumia mafuta ya kupaka ambayo yanaharibu kondomu za mpira ikapasuka katikati. Hofu ndo inafanya hiyo kazi, na hofu hiyo tumeitengeneza sisi watu wa pembeni.

Kingine, wapo wanaume wanaolala na wanaume na hawajiiti mashoga hata siku moja, wana wake, wana watoto. Ukisema ujumbe huu ni wa mashoga, huyo hausikii kwa sababu anajua haumhusu. Ndo maana wahudumu wa afya wanauliza unafanya nini na nani, hawaulizi unajiitaje.

Mimi ni mwanamke napenda wanawake. Nimeambiwa sisi hatupati kabisa. Kweli?

Hatari kati ya mwanamke na mwanamke ni ndogo sana, hilo ni kweli, lakini kabisa si neno la kutumia hapa. Inaweza kutokea kukiwa na damu, kwa mfano wakati wa hedhi, au mkichangia vifaa bila kuviosha wala kuvivalisha kondomu. Na wengi wenu mmewahi kuwa na wanaume, kwa hiari au kwa kulazimishwa, na ubakaji wa wanawake wanaopenda wanawake upo, unaumiza na unaambukiza. Kapime walau mara moja ujue ulipo, na kipimo cha mlango wa kizazi usikiruke, maana HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kinapita pia kati ya wanawake.

Mwanangu ana miaka 22, kaniambia anapenda wanaume. Silali. Najua nitamzika kwa Ukimwi. Kuna mtu anasema nimpeleke mahali akabadilishwe.

Mama yangu, pole sana kwa usiku wote huo. Naomba tutenganishe vitu viwili ulivyovifunga pamoja.

Kwanza, kupenda wanaume hakumpi mtu VVU. Kuna mamilioni ya mashoga ambao hawana na wataishi hadi uzee bila kuwa navyo. Wala si ugonjwa wa kutibiwa: chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuondoa ushoga kwenye orodha yake ya magonjwa 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyohivyo Mei 17, 1990. Hakuna ushahidi kuwa ni malezi yako, kwa hiyo ule mzigo wa nilikosea wapi naomba uutue. Hizo sehemu za kubadilisha watu hazibadilishi, zinachozalisha ni sonona na vijana kuwaza kujiua. Usimpeleke.

Pili, VVU vina kinga, na kinga ni nyingi kuliko ulizozijua ujana wako. Kondomu ipo. PrEP ipo, dawa ya mtu ambaye hana VVU, akimeza anavyoelekezwa inapunguza hatari ya kupata kwa ngono kwa karibu asilimia 99, na tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linasema apewe yeyote aliye kwenye hatari kubwa, awe shoga au asiwe. Ipo sindano ya kila miezi miwili. Na kuna lenakapavi, ya mara mbili tu kwa mwaka, jaribio lake la 2024 Afrika Kusini na Uganda lilikuwa na wanawake zaidi ya 2,000 waliochomwa na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Na hata akipata, akianza ARV mapema na akazimeza anaweza kuishi miaka karibu sawa na mtu yeyote.

Kitu kinachomweka kijana kwenye hatari kubwa ni kufukuzwa nyumbani. Akikosa pa kulala atalala kwa yeyote atakayemfungulia mlango, na hapo hana nguvu ya kusema vaa kondomu. Alikuambia wewe, mama, maana yake bado anakuamini. Muulize kama amewahi kupima, na kama anaogopa kwenda peke yake msindikize.

Mume wangu amekutwa na VVU, mimi sina. Dada yangu anasema basi lazima analala na wanaume. Nimuulize?

Kipimo kinaonyesha virusi vipo, hakionyeshi vilitoka kwa nani wala lini. Anaweza kuwa alivipata miaka mingi kabla hamjaonana, vinakaa muda mrefu bila dalili. Arthur Ashe, bingwa wa tenisi, alivipata kwa kuongezewa damu baada ya operesheni ya moyo. Magic Johnson, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, alipotangaza Novemba 1991 kuwa ana VVU, watu walimzushia hayohayo anayoyasema dada yako, naye amesema siku zote alivipata kwa wanawake.

Mkiwa na maswali ya uaminifu kwenye ndoa ulizaneni wenyewe, ni haki yako kabisa. Ila leo cha haraka ni yeye aanze dawa, wewe urudie kipimo kwa tarehe utakayopewa maana maambukizi ya karibuni yanaweza yasionekane, na uulizie PrEP mpaka virusi vyake vishuke. Na kuwa wewe huna wakati yeye anavyo ni jambo la kawaida, linawakuta wengi.

Sisi ni wanaume wawili. Mwenzangu ana VVU, yuko mwaka wa tatu kwenye dawa na virusi havionekani. Rafiki anasema ile ya havionekani haviambukizi ni ya mume na mke tu.

Rafiki amekosea, na bahati nzuri swali lenu lilifanyiwa utafiti wenyewe. Unaitwa PARTNER2, ulitoka 2019, wanaume wapenzi karibu jozi 800, mmoja anavyo na yuko kwenye dawa, mwingine hana, walihesabiwa matendo kama 76,000 bila kondomu. Maambukizi kutoka kwa mwenza aliyefubazwa virusi yalikuwa sifuri. Cha muhimu aendelee kumeza kila siku na apime wingi wa virusi kwa ratiba yake. Kaswende na kisonono ni habari nyingine, ARV hazizuii hayo.

Nimepanga na shoga, tunachangia vyombo na choo. Nitapata nini?

Hupati kitu. Sio VVU, na sio ushoga. Vikombe, choo, kukumbatiana, mbu, hakuna kinachoambukiza hapo. Na nani kakuambia kuwa anavyo?

Nikienda kliniki wakiniuliza nalala na nani, niseme ukweli? Naogopa kusimangwa mbele ya foleni.

Hofu yako ina msingi na sitakuambia ujitoe tu. Kuna nchi kusema hivyo kunaweza kukuletea polisi, kwa hiyo angalia kwanza ulipo, ulizia wenzako ni kituo gani na mhudumu gani anatunza siri, omba muongee faraghani. Ukimpata huyo, mwambie tendo lenyewe, kwa sababu kisonono cha kooni au cha nyuma hakionekani kwenye mkojo, lazima apitishe kijiti hapo hapo. Ukishindwa kusema lolote, kipimo cha VVU unaweza kukipata bila kueleza historia yako, na sehemu nyingi vipo vya kujipima mwenyewe.

Ila kama kondomu imepasuka au umelazimishwa, usisubiri kumpata mhudumu mzuri. PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio kama hilo, inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, halafu unameza siku 28. Ukifika sema tu nimekutana na mtu bila kinga na tangu hapo zimepita saa kadhaa, hiyo inatosha wakuanzishie.