Mbwa wangu anafukuza mkia wake mpaka anaanguka: ni ujinga au anaumwa?

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Nina mbwa dume wa miezi 14, tunamwita Popi. Vituko vyake havituishii. Anafukuza mkia wake mpaka anapepesuka na kuanguka. Nikimwogesha, hata maji hayajamkauka mwilini, anachomoka mbio kama aliyepagawa, anauzunguka uwanja mzima, kisha anakwenda kugaagaa penye uvundo kuliko kote. Anakula kinyesi cha mbwa mwenzake. Viatu vyetu anavitafuna, na nikirudi nyumbani namkuta amejikunyata, masikio chini, anatazama pembeni. Anajua kabisa amekosa, lakini kesho anarudia. Mume wangu anasema ni mjinga na dawa yake ni bakora. Mama mkwe anahofia ana kichaa cha mbwa. Mimi huo mkia ndio unaonitia wasiwasi. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Dada, nashukuru umeandika kabla bakora haijaanza kazi. Popi si mjinga, na kwa ulivyoeleza sioni dalili ya kichaa cha mbwa. Lakini wasiwasi wako juu ya mkia una msingi, kwa hiyo nitaanzia hapo, na nitakaa hapo kuliko kwingine kote.

Mbwa mdogo kuukimbiza mkia wake ni jambo la kawaida. Anauona kwa pembe ya jicho, unatikisika, anaurukia. Atazunguka mara tatu nne, achoke, aende zake kunywa maji. Wengi huacha wanapokua. Popi bado ni kijana, lakini utoto umeshampita, na mbwa wa umri wake anayezunguka mpaka anaanguka anastahili kuchunguzwa.

Anza na mwili. Subiri atulie, umshike mkia, upitishe vidole kuanzia shinani hadi nchani ukienda kinyume cha manyoya. Tafuta kidonda, upara, au manyoya yaliyolowa mate. Tafuta pia viroboto na vile vichembe vyeusi wanavyoacha. Vichembe hivyo ukiviweka kwenye karatasi nyeupe iliyolowa vinatoa wekundu, kwa sababu ni damu ya mbwa iliyopita tumboni mwa kiroboto. Kisha angalia chini ya mkia. Kila mbwa ana vifuko viwili vya tezi, kimoja kila upande wa tundu la haja kubwa. Vikiziba vinawasha na kuuma. Ndiyo maana utamwona mbwa anajiburuza makalio sakafuni huku watu wanacheka, au amelala vizuri halafu anageuka ghafla kujitazama nyuma kama aliyechomwa sindano. Hana mkono wa kujikuna huko, anachoweza ni kuukimbilia mkia. Daktari huvikamua kwa dakika chache tu. Usijaribu mwenyewe kabla hujaonyeshwa, maana tezi iliyovimba ukiibana vibaya inaweza kupasuka. Minyoo nayo huwasha, hivyo kumbuka ni lini alipewa dawa mara ya mwisho.

Ukikuta mwili ni mzima, sasa tuangalie akili. Kipimo ninachokitegemea hapa hakihitaji maabara. Akianza kuzunguka, usicheke, usimguse, usimkemee. Mwite jina lake kwa sauti yako ya kila siku, au tikisa bakuli la chakula chake. Akiacha, akakujia na akasahau mkia, huo bado ni mchezo au upweke. Akikutazama kidogo kisha akaurudia, kuna jambo. Na kama hakusikii kabisa, macho yamekaza, anapita mbele ya chakula bila kukiona, basi hilo limeshakuwa gonjwa la kurudiarudia tendo bila kuweza kujizuia, na mara chache huwa ni aina ya kifafa. Mrekodi video kwa simu, maana mbwa wengi wakifika kliniki wanajawa na hofu na hawafanyi lolote, na daktari anabaki kukisia. Ila video iwe ya kazi, watu wakiwa wamenyamaza.

Nasisitiza ukimya huo kwa sababu ya mbwa mmoja niliyemtibu. Alikuwa mchangamfu, wa umri wa Popi. Aliletwa akiwa na kidonda kibichi kwenye ncha ya mkia, upana wa sarafu, kimezungukwa na ngozi isiyo na unywele hata mmoja. Wenyewe walinionyesha video za miezi kadhaa nyuma. Katika kila video, mbwa anazunguka, watoto wanaangua kicheko, mbwa anasimama, anawatazama, mkia unatikisika, anaanza upya. Yeye alielewa kwamba kazi yake katika nyumba ile ni kuzunguka, na kicheko ndio mshahara. Wale watu walimpenda sana yule mbwa, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini siku walipoacha kucheka, yeye hakuweza tena kuacha. Matibabu yalichukua miezi.

Ugonjwa huu unaonekana zaidi katika koo fulani, hasa Bull Terrier na German Shepherd, lakini unaweza kumpata mbwa yeyote. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, walichapisha utafiti wa mbwa 368, na moja ya mambo waliyoyakuta ni kwamba wale wenye tabia ya kufukuza mkia walikuwa wametenganishwa na mama zao mapema zaidi. Kwa hiyo jiulize, Popi alikuja kwenu akiwa na umri gani? Mbwa mdogo anapaswa kukaa na mama yake angalau wiki 8.

Dawa ya kwanza ni kumpa mbwa shughuli. Mtembeze kila siku umruhusu anuse anachotaka, hata kama mnatumia dakika tano kwenye kichaka kimoja. Chakula chake kingine kitawanye kwenye majani akitafute kwa pua badala ya kukimaliza bakulini kwa pumzi moja. Kama anafungwa mnyororo mchana kutwa, hilo ndilo la kubadilisha kabla ya mengine yote, kwa sababu mbwa aliyefungwa hana cha kufukuza zaidi ya mwili wake mwenyewe. Hali ikiwa imekomaa, daktari anaweza kumwandikia dawa kama fluoksetini au klomipramini, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo. Tafadhali usimpe vidonge vya binadamu kutoka kabatini kwako.

Usichanganye haya na kule kuzunguka mara mbili tatu kabla ya kulala au kabla ya kujisaidia. Hilo ni la kawaida. Watafiti wa Jamhuri ya Czech na Ujerumani waliwafuatilia mbwa 70 kwa miaka miwili, na mwaka 2013 wakaandika kwamba uga wa sumaku wa dunia, yaani ile nguvu inayoelekeza sindano ya dira, ukiwa umetulia, mbwa hupendelea kujisaidia mwili ukiwa umeelekea kaskazini na kusini. Kwa hiyo unapomsubiri mvuani ajipange, mvumilie.

Sasa viatu, na hapa naomba mumeo asome nawe. Ile sura unayoiona ukifika mlangoni, masikio chini na macho pembeni, haisemi “nimekosa”. Inasema “naona umekasirika, naomba usiniumize”. Hili lilipimwa. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz, huko New York, alichapisha jaribio la mbwa 14. Mwenye mbwa anamkataza mbwa wake kula kitafunio, anatoka chumbani. Akirudi anaambiwa kama mbwa amekula au hakula, na mara nyingine anachoambiwa si kweli. Sura ya hatia ilikuja kwa kufuata ukali wa mwenye mbwa. Kama mbwa alikula au hakula, haikuonekana kuleta tofauti. Na waliokemewa bila kosa lolote ndio walioionyesha zaidi.

Fikiria basi maana ya bakora ya saa kumi jioni kwa kiatu kilichotafunwa saa nne asubuhi. Popi haunganishi viboko na kiatu. Anaviunganisha na mlango kufunguliwa, na ninyi kuingia. Ndiyo maana siku nyingine atajikunyata hata kama hajagusa kitu, nanyi mtamsaka kosa nyumba nzima. Mbwa wa namna hiyo huishia kuwa mwoga, na mwoga ndiye anayeuma watoto.

Kiatu chenyewe kinampendeza kwa sababu kimejaa harufu yenu. Mkiwa hampo, kukitafuna ni kama kukaa karibu nanyi. Viwekeni kabatini na mlango ufungwe. Mpe kitu chake cha kutafuna, kigumu kisichovunjika vipande. Ukimfuma na kiatu mdomoni, usimkimbize, maana ataona mchezo umeanza. Mwonyeshe kitu kingine anachokipenda, akiachia mpe papo hapo. Mara 20 za kubadilishana namna hiyo zitamfundisha kuliko mwaka mzima wa makofi.

Zile mbio baada ya kuoga zisikutishe. Mbwa anabinya mkia, anainamisha makalio, anakata kona mara mbili tatu kwa dakika moja au mbili, kisha anajitupa chini akihema, macho yanang’aa. Ni nguvu zilizobanwa wakati umemshikilia bafuni zinatoka, pamoja na nafuu ya kuachiwa. Hakikisha tu sakafu haitelezi na geti limefungwa.

Mama mkwe hajakosea kukumbuka kichaa cha mbwa, kwa sababu ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu hauna kupona, kwa mbwa na kwa binadamu. Lakini wenyewe hauji kwa dakika mbili baada ya kuoga halafu ukaondoka. Mbwa aliyeupata hubadilika na kuzidi kuwa mbaya siku hadi siku. Mpole anakuwa mkali au mkali anapoa kupita kiasi, sauti inabadilika, taya linalegea, mate yanamtiririka, anashindwa kumeza, miguu ya nyuma inakosa nguvu. Ukiona hayo, usimguse, jitengeni naye na mwite daktari wa mifugo. Mtu akiumwa na mbwa asiyeaminika, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Angalia kadi ya chanjo ya Popi. Kama chanjo imepitwa na wakati, hilo ni la wiki hii.

Kuhusu kugaagaa kwenye uvundo, mlinganishe pua yako na yake. Sisi tuna vipokea harufu takriban milioni 5 hadi 6 puani. Mbwa anavyo zaidi ya milioni 200. Ile sabuni yenye manukato inayokufurahisha wewe, kwake ni kelele iliyofunika harufu yake mwenyewe, na anatafuta ya kuifuta. Mbwa mwitu nao hugaagaa kwenye mizoga na vinyesi, pengine kupeleka habari kwa wenzao au kuficha harufu yao. Tumia sabuni ya mbwa isiyo na manukato, na usimfungulie nje mpaka amekauka.

Na kinyesi. Najua hili ndilo linalowatia watu kinyaa kuliko yote, wengine wakafikia kumtoa mbwa. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2018, takriban asilimia 16 ya mbwa walikuwa wameonekana wakila kinyesi mara sita au zaidi. Karibu wote walikula kile kibichi, kisichozidi siku mbili. Watafiti wanadhani ni urithi wa mbwa mwitu, ambao waliondoa kinyesi karibu na pango kabla mayai ya minyoo hayajaangua na kuwa tayari kuambukiza. Mama mbwa anayenyonyesha hufanya hivyo kwa watoto wake, naye yuko sawa kabisa. Vidonge na unga unaouzwa kukomesha tabia hii vilisaidia mbwa wasiozidi asilimia 2, kwa hiyo tunza fedha zako. Kinachofanya kazi ni kuwahi kukiokota mara tu mwenzake anapomaliza, na kumwita Popi kwa zawadi wakati unafanya hivyo. Wote wawili wapewe dawa ya minyoo. Ila ukiona ameanza ghafla, anakonda na chakula chake kinatoka kama kilivyoingia, mpeleke akapimwe kama kongosho na utumbo vinafanya kazi.

Leo jioni, watoto wakiwa wameshalala na nyumba imetulia, mshike Popi mkia kama nilivyoeleza na uiangalie ncha yake kwa tochi ya simu. Ikiwa kavu, yenye manyoya yote, anza na matembezi na ukimya, umpe wiki tatu. Ikiwa imelowa au imeota upara, usisubiri: beba video na sampuli ya kinyesi kibichi, mumpeleke kesho.