Mwalimu wa Dansi Anajibu: "Nikiingia kampuni ya dansi, ngoma niiache?"

Barua za safari hii nyingi zimetoka Tanga na hapa hapa Bagamoyo, nimechukua tatu, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa maana swali lake nakutana nalo karibu kila ninapofundisha.

Shikamoo mwalimu. Mi kijana wa Makorora, Tanga, nina miaka 20, nacheza na kikundi cha mtaani, tunapiga ngoma za sindimba na mdumange, na kwenye maharusi tunachanganya na stepu za bongo fleva. Nilikuja kwenye tamasha hapo TaSUBa, chuo cha sanaa Bagamoyo, nikaona kampuni ya dansi ya kisasa, wanacheza kimya kabisa, hamna hata ngoma, mtu anaanguka anainuka anaanguka tena, na mi nikabaki nimeduwaa. Hawa watu wanafanya nini siku nzima? Na nikitaka kuingia huko, ngoma niiache?

Marahaba mwanangu. Naanza na la mwisho: ngoma usiiache, anayekwambia uiache ndo uwe msanii wa kisasa anakupoteza.

Sasa siku yao ikoje. Asubuhi kuna darasa, na darasa ni kila siku, hata aliyecheza miaka kumi na tano anaingia na anayeanza leo anaingia, wanasimama mstari mmoja. Saa moja na nusu hivi, mnapasha mwili, pumzi, uti wa mgongo unakunjwa na kukunjuliwa pingili kwa pingili, halafu mnashuka sakafuni mnajifunza kuanguka. Na ile uliyoona tamashani sio kujitupa, yaani ukiangalia vizuri utaona mtu anatoa pumzi kwanza, anakunja, mkono unateleza pembeni, paja linapokea uzito, goti halipigi chini hata siku moja. Kuna watu walijenga mtindo mzima juu ya pumzi tu, Martha Graham wa Marekani aliyeanzisha kampuni yake New York mwaka 1926, kiwiliwili kinajikaza pumzi ikitoka, kinaachia pumzi ikiingia, na mpaka leo inafundishwa.

Baada ya darasa ndo kazi ya kutunga, na hapa ndo patamu. Watu wanadhani koreografa, yaani mtunzi wa dansi, anakuja na stepu zake kichwani anawapa wenzake wazikariri. Wapo wa hivyo, ila kampuni nyingi siku hizi zinatunga kwa maswali. Jaribu hili na wenzako hapo Makorora: chukua kiuno cha sindimba, magoti yamelegea, nyayo zimeshika ardhi, mpigaji apige mpaka mkolee, halafu mwambie anyamaze ghafla, nyie muendelee. Mwanzoni mtajisikia vibaya, wengine watacheka, vumilieni. Kisha punguzeni mwendo mpaka nusu, mpaka robo, kiuno kiwe kinatembea kama kinatafuta kitu gizani. Kisha kiuno kisimame kabisa ule mtetemo uhamie begani, kutoka begani uende kwenye kiganja, na mwenzako akishika hicho kiganja autoe kwako auingize mwilini mwake. Mkifika hapo mna kitu mkononi ambacho hakijaitwa jina bado, na kimetoka kwenye sindimba ya Wamakonde moja kwa moja. Hapo mtunzi anaanza kukata, anatupa, anarudisha, dakika mbili za jukwaani zinaweza kula wiki nzima.

Ila kuchukua sindimba kama ilivyo ukaiwekea piano nyuma ukaiita kontemporari, yaani dansi ya kisasa, hiyo sikubaliani nayo, hujaiuliza ngoma kitu chochote hapo, umeipachika tu.

Na usidhani kuchota nyumbani ni mambo ya sisi tusiokuwa na studio. Alvin Ailey, mtunzi wa dansi wa Marekani, alianzisha kampuni yake New York mwaka 1958, kazi yake iliyozunguka dunia kuliko zote, Revelations ya mwaka 1960, aliitoa kwenye kumbukumbu za kanisa la utotoni kwao Texas, nyimbo za watu weusi, miavuli, vipepeo vya akina mama vya kujipepea. Germaine Acogny wa Senegal naye alichanganya ngoma za Afrika Magharibi na mafunzo ya Ulaya akapata mtindo wake, akafungua shule ya dansi, École des Sables, kijijini Toubab Dialaw, na mwaka 2021 tamasha la Biennale la Venice, Italia, likampa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Wote wawili walianzia kwao.

Mahali pa kusoma: TaSUBa hapa Bagamoyo, kilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na ni wakala wa serikali tangu 2007, ngoma utaipata mpaka ikutoshe. Dar wapo MuDa Africa kwa dansi ya kisasa yenyewe, na Nafasi Art Space pale Mikocheni fuatilia shoo na warsha zao.

Mwalimu salaam. Binti yangu yuko kidato cha 3, anapenda hiyo dansi yenu, kila jioni anaruka barazani kwenye sementi, sasa magoti na mifupa ya mbele ya miguu inamuuma. Baba yake anasema ni uhuni. Nifanyeje? Mama wa Majengo, Bagamoyo.

Dada yangu, kwanza mtoe kwenye sementi, leo. Sementi haibonyei, kila akiruka ule uzito unamrudia wote kwenye miundi, magoti, mgongo. Sakafu ya dansi inajengwa kwa mbao zilizopangwa juu ya boriti, chini kunaachwa nafasi ili ibonyee kidogo, juu wanatandika linolia isiyoteleza. Najua kwetu sakafu hizo ni za kutafuta, basi kwa sasa barazani afanye ya kunyoosha na ya pumzi tu, kuruka akafanye ufukweni maji yakiwa yametoka, pale mchanga ulipokaza, ila asizunguke kwa kasi kwenye mchanga laini, kifundo kitapinda. Na maumivu yakiwa yanaamka naye asubuhi au pamevimba, mpeleke hospitali apumzike kweli, asichuliwe mafuta akarudi kuruka jioni, mfupa wa muundi ukichokozwa sana unaweza kupata ufa.

Shule amalize, chuo chenyewe kitamuuliza cheti cha kidato cha 4. Riziki ipo lakini sitakupamba, wacheza dansi wengi wanaishi kwa kuchanganya, shoo, kufundisha mashuleni, warsha, video za wanamuziki. Na shemeji mlete kwenye mazoezi ya asubuhi, sio kwenye shoo, aone wale vijana wanavyovuja jasho saa 3 asubuhi, halafu tuongee naye kuhusu uhuni.

Kaka, kikundi chetu cha watu 7 hapa Dunda tumealikwa tamasha Ujerumani. Kuna mtu anasema atatushughulikia kila kitu, tumpe kwanza milioni mbili. Tumpe?

Msimpe. Tamasha linaloalika linaandika barua lenyewe, lina anwani na tovuti, na linajibu simu. Waandikieni moja kwa moja muulize nani analipa nauli, malazi, chakula, posho ya siku na malipo ya shoo, yote yakae kwenye mkataba wenye sahihi, na muulize jukwaa lina upana gani maana dansi mliyoitunga kwenye uwanja mkubwa ikiingia chumba cha mita sita mtagongana.

Kikundi kisajiliwe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na mchukue kibali cha kwenda kufanya onyesho nje. Pasipoti ya kawaida ni 150,000 kila mtu. Viza ya Schengen, ndo ya kuingilia Ujerumani, ada yake ni yuro 90 tangu Juni 2024, maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15, msisubiri hizo za mwisho, na bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Ziara nazo msizione anasa, kampuni ya Merce Cunningham, mtunzi wa dansi wa Marekani, enzi zake za mwanzo ilikuwa inazunguka Marekani na kibasi cha Volkswagen, wacheza dansi, wanamuziki na mizigo humo humo.

Wakiwapa mji wa pili na wa tatu, mdai siku ya kupumzika katikati na saa za kujaribu jukwaa kila mji, taa hazifanani. Ngoma za ngozi mzirekebishe sauti kabla ya kila shoo, hewa kavu ya vyumba vya hita inazibadilisha sauti. Mavazi ya shoo yagaweni kwenye mabegi ya mkononi, kila mtu abebe lake.