Mikoko bila mto mkubwa?

Bwana, umeuliza mikoko yote ile ya magharibi mwa Pemba inaishije na wakati kisiwa hakina mto wa maana. Mito ipo, ila mifupi: inatoka vilimani, inapita mabonde ya mpunga, kisha inamwaga horini, yaani kwenye mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Mto wa kiangazi waweza kuuruka bila kuvua viatu! Kazi kubwa ni ya bahari. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda karibu mita 4, yakaingia hori mpaka ndani, mara mbili kwa siku. Mto unaleta tope na maji baridi, bahari inaleta chumvi, na mikoko inaota hapo hapo yanapochanganyika.

Hata Chwaka kule Unguja hakuna mto unaoingia ghubani, maji baridi yanachuruzika chini kwa chini kwenye mawe, na mikoko imejaa.

Ukienda maji yametoka, ramba jani la mchu, aina mojawapo ya mkoko. Chumvi tupu, linaitoa lenyewe. Halafu tazama mizizi yake iliyochomoza topeni kama penseli, ndiyo pua zake. Tondo, wale konokono wa topeni, na kaa utawakuta humo humo. Viatu acha nyumbani.