Mwanaume Akitaka Kufuga Nywele, Msusi Awe Mwalimu Wake

Wanaume wanaokuja saluni kwangu hapa Sinza, Dar es Salaam, wakitaka kufuga nywele wanazidi kuongezeka, na wengi wao wanafanana kwa jambo moja: hawazijui nywele zao. Hawajawahi kuziona zikiwa ndefu. Mtoto wa kiume huku kwetu ananyolewa tangu chekechea. Shule ya msingi kipara, sekondari kipara, akimaliza kidato cha sita akaenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kipara tena. Dada yake naye alinyolewa shuleni, lakini kabla ya hapo alikaa chini katikati ya magoti ya mama au shangazi akasukwa, akavutwa, akalia, akaambiwa tulia. Akajua mapema kichwa chake kinauma wapi na mafuta gani hayampatani. Kijana wa kiume hayo yote yalimpita. Anafika utu uzima, ana nywele za miezi minne kichwani, na hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kuzichana.

Wasusi wenzangu, huyu msimpokee kama mteja aliyekuja kuchagua mtindo ukutani. Amekuja kufundishwa, hata kama mwenyewe hajasema hivyo.

Mimi naanzia kwenye kuosha. Nikishamwosha na kumpaka kondishena, nagawa nywele mafungu manne, nabana matatu, nampa chanuo la meno mapana achane la nne mwenyewe mbele ya kioo. Karibu kila mmoja anaanzia kwenye shina na kuvuta kwa nguvu kwenda juu, kwa sababu ndivyo alivyomwona kinyozi akifanya maisha yake yote. Unasikia kabisa nywele zikikatika, ta, ta, ta. Hapo namshika mkono, namwonyesha aanzie nchani, afungue mafundo kidogo kidogo akishuka kwenye shina, nywele zikiwa bado mbichi. Kisha tunaangalia pamoja zilizobaki kwenye chanuo. Nywele iliyotoka yenyewe ina kijidoa cheupe upande wa mzizi. Iliyokatika haina, tena mara nyingi ni fupi. Zenye kijidoa asiziogope, maana kichwa chenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Zilizokatika ndizo za kuzungumza, na mara nyingi chanzo ni mkono wake mwenyewe.

Halafu mwambie ukweli kuhusu muda. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, na zetu za kipilipili mara nyingi hukua pungufu kidogo ya hapo. Juu ya hayo zinajikunja, kwa hiyo urefu mwingi hauonekani. Chukua unywele mmoja wa mbele, uvute unyooke, mwonyeshe ulipofika, uuachie. Nimeona nyuso zikibadilika kwa jambo hilo dogo tu, maana mtu alikuwa ameshaamini kwamba nywele zake hazikui.

Kipindi kigumu ni kile cha katikati, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa nane hivi. Nywele ni fupi mno kusukwa zikashika, ni ndefu mno kulala. Pembeni zinavimba, kofia inaacha alama, nyumbani mama anauliza kama kuna msiba au kuna shida ya hela. Wanaume wengi wanaishia hapo, na nasema kwa uchungu kwamba wengi wanaishia mikononi mwetu. Mtu amekuja awekwe nadhifu, sisi tunasema "ngoja nikusawazishe kidogo," mashine inapita, miezi mitatu iko sakafuni. Kila sentimita unayoiondoa ni mwezi mzima wa uvumilivu wake. Usiwashe mashine kabla hujamuuliza na akakujibu.

Anachohitaji kipindi hicho ni mstari. Chonga mbele, chonga pembeni, safisha shingo, ndevu ziwe sawa, na juu usiguse. Mstari ukiwa safi, hata afro isiyo na umbo inaonekana imekusudiwa. Ila ufuate pale nywele zilipoota. Ukiusogeza nyuma kila wiki, paji litakuwa pana, na siku akitaka dredi za mbele zitakosa mahali pa kushika. Kama wewe hushiki mashine, patana na kinyozi wa jirani mnayeelewana, umpeleke mteja wako mwenyewe na umwambie kinyozi akisikia: mstari tu.

Kisogoni chunguza kwa makini. Wapo wanaofuga nywele kwa sababu kunyolewa chini kabisa kuliwaletea vipele vya kisogo, vile vigumu vinavyoweza kugeuka makovu. Huyo usimpitishie wembe wala mashine iliyobana ngozi, na kama vinauma au vinatoa usaha aende kwa daktari wa ngozi. Mapunye nayo hayatibiwi saluni. Fangasi wa kichwani huhitaji dawa ya kumeza, kwa hiyo usimsuke, mshauri aende hospitali, na vifaa ulivyomgusia uvisafishe kabla ya mteja mwingine kukaa.

Zikishafika kushikika, ombi la kwanza utakalolisikia ni, "Dada, ikaze idumu." Kataa. Mwanaume hana mazoea ya kusukwa, hajui kutofautisha kubana na kuumia, tena anaona aibu kusema anaumia. Nywele zinazovutwa muda mrefu hung'oka kwenye kingo, na zikizoea kung'oka ngozi inaweza kuziba zisiote tena. Ukiona vipele vidogo pembeni ya paji, au hawezi kulala usiku huo, fumua. Kuwa mwangalifu zaidi na mtu ambaye paji limeanza kurudi nyuma kwa umri au kwa ukoo. Huyo dredi nene na nzito zitamharakishia upara. Twist laini zinamfaa zaidi, na kurudishia, yaani kuzisokota upya kwenye mashina, kusiwe kila wiki.

Kuhusu maneno ya watu, kwamba mwanaume kusuka si desturi ya Mwafrika, mimi huwakumbusha morani wa Kimasai. Amefuga, amesukwa na wenzake, amepakwa rangi nyekundu ya udongo, na kwenye Eunoto, sherehe ya morani kupanda daraja, mama yake ndiye humnyoa. Mikono ile ile ndiyo inayosuka leo hapa Dar. Vijana wa Kimasai wanasuka kina mama twist ndogo ndogo mpaka unashangaa. Mteja akinyanyapaliwa mbele yako, mtetee. Anaumia kuliko anavyoonyesha.

Muulize pia kuhusu dini kabla hujagusa chochote. Waislamu wengi hawataki nywele za kuongezea, wala kunyolewa pembeni na kuachwa katikati, na kwenye josho la janaba maji lazima yafike kwenye mashina. Usukaji uliobana na kushonwa utamsumbua. Msuke wa kufumulika kwa urahisi.

Na umpe nafasi ya heshima. Mwanaume akiketi katikati ya kina mama chini ya draya siku ya Jumamosi hatarudi. Mpangie asubuhi za katikati ya wiki. Akiwa na mke, mwambie anakaribishwa kuja naye, tena mfundishe na mke kumpaka mafuta na kumsuka za kulalia. Nimeona nyumba zikitulia kwa namna hiyo, maana mke aliyeanza kwa kununa sasa ndiye anayelinda zile nywele.

Siku moja atakuja amechoka, ameitwa kwenye usaili au amesimangwa ukweni, atakwambia, "Dada, ninyoe." Kama si lazima siku hiyo hiyo, msuke mtindo wa twende kilioni, ile mistari ya kurudi nyuma, uwe safi, zilale kisogoni, umwambie arudi wiki ijayo. Akirudi na bado anataka, mnyoe bila kumlaumu. Mwachie angalau sentimita 1 badala ya kipara, maana ngozi iliyofunikwa muda wote huo haijazoea jua la Dar wala wembe.