SQL Server 2022 kwa Windows Server 2012 R2

Wauliza kama SQL Server 2022, programu ya Microsoft ya kuhifadhi data, itaingia kwa seva ya duka lenu la spea yenye Windows Server 2012 R2 (mfumo endeshi wa seva). Haingii yakhe. SQL Server 2022 yataka Windows Server 2016 kwenda juu, hiyo 2012 R2 ya dukani kwenu itakukatalia wakati wa kuinstoli, na hata ingekubali mimi nisingeiweka kwa sababu Microsoft walifunga sapoti yake ya nyongeza (extended support) Oktoba 2023. Kazi yangu ni kufunga sistimu za stoki kwa maduka huku Mwembe Tayari, Mombasa, na hii ndiyo kesi naletewa kila mara, mtu ashanunua programu mpya lakini seva ni ile ya zamani.

Kama wanunua leseni sasa chukua Windows Server 2022, sapoti yaenda mpaka Oktoba 2031. Ile Windows Server 2016, SQL Server 2022 itaingia sawa lakini sapoti yake yaisha Januari 2027, sasa ya nini kutupa pesa.

Ila kwanza muulize aliyewauzia programu ya duka yeye aliipima kwa SQL Server gani, maana ziko zingine zimekwama SQL Server 2014 na hiyo haisapotiwi kwa Windows Server 2022, hapo bora Windows Server 2019.

Na leseni ya SQL msikimbilie kulipia, Express ya 2022, yaani toleo dogo la SQL Server, ni bure, database moja mwisho GB 10, duka la spea lenye keshia watatu mtakaa sana kabla ya kuijaza, labda muwe mwatia picha za risiti humo ndani, wako watu hufanya hivyo wallahi.