Usiwamalize watu wako wiki ya kwanza

Siku niliyotoka hospitali baada ya oparesheni ya saratani ya titi, nyumba ilijaa mpaka wengine wakakosa pa kukaa. Mawifi wapo, shangazi zangu wapo, majirani, wenzangu wa kazini, kila mtu kaja na kitu mkononi, na mimi nimekaa kwenye kiti nimekumbatia mto kifuani, vichupa viwili vya dreni, vya kukusanyia maji ya kidonda, vinaning'inia ndani ya gauni, naitikia pole za watu huku moyoni natamani kitu kimoja tu, kulala. Wiki ya tatu dokta akapiga simu kwamba majibu ya maabara yametoka niende kuyachukua, na siku hiyo nilikuwa na mdogo wangu peke yake, na yeye kachoka mpaka anasinzia akiwa amekaa.

Hilo ndo limenifanya niandike. Nilitolewa titi la kushoto lote pamoja na matezi ya kwapani, na kabla ya oparesheni nilisoma sana kuhusu kidonda, kuhusu nusu kaputi, kuhusu dawa, ila hakuna aliyeniambia kwamba msaada wa watu nao unaisha na inabidi uupangie. Nilidhani watu wakija wengi mwanzoni watabaki wengi mpaka mwisho. Hawabaki, na sio kwamba hawakupendi, wana kazi zao na watoto wao na wagonjwa wao wengine, na wakikuona unatembea wanajua basi umepona.

Ukweli ni kwamba wiki ile ya kwanza huhitaji umati. Unahitaji watu wawili au watatu wenye utulivu ambao hawaogopi damu. Kazi kubwa ya siku zile ni dreni, yaani yale mabomba yanayotoa maji na damu chini ya ngozi yasijikusanye kwenye kidonda. Unamwaga, unapima, unaandika kila siku imetoka kiasi gani na rangi yake ikoje. Mwanzo ni nyekundu kabisa, siku zinavyoenda inafifia, inakuwa ya pinki, mwisho inakuwa ya njano njano. Hospitali nyingi wanatoa dreni ikishuka chini ya kama mililita 30 kwa saa 24, lakini wewe fuata walichokuambia wa kwako. Bomba linakamuliwa taratibu, mkono mmoja unashika juu karibu na ngozi ili usivute, mwingine unateremsha kuelekea kwenye kichupa, na kabla ya kufunga kichupa unakibonyeza hewa itoke ndo kivute vizuri. Nesi alituonyesha mara moja tu tukiwa tunajiandaa kutoka wodini na mimi sikushika hata neno, nilikuwa na usingizi wa dawa. Aliyeshika ni mtoto wa dada yangu, binti wa miaka kumi na sita, ambae watu wazima walikuwa wanamwambia atoke nje asione mambo haya. Yeye ndo alichukua daftari akachora mistari, saa, kiasi, rangi, dawa ya maumivu nimekunywa saa ngapi, joto la mwili, nimepata choo au sijapata. Dokta alipouliza maswali yake kliniki nilimpa daftari tu. Kwa hiyo usimkatae mtu kwa umri, muulize anaweza nini.

Hiyo habari ya choo naomba niiseme wazi kwa sababu watu wanaona aibu. Dawa kali za maumivu zinafunga tumbo. Siku ya nne nilikuwa na maumivu ya tumbo kuliko ya kidonda na nilikaa kimya, mpaka shangazi yangu alipowatoa watu wote chumbani akaniuliza, mwanangu, choo umepata lini mara ya mwisho? Nikalia. Akampigia nesi, nikaandikiwa dawa ya kulainisha, na tangu siku hiyo akawa ananitembeza korido asubuhi na jioni, na maji kila saa. Omba hiyo dawa mapema kabla hujaanza kuteseka. Na za maumivu unywe kwa saa kama ulivyoelekezwa zile siku za mwanzo, usisubiri mpaka uumie ndo unywe, ukisubiri maumivu yakishapanda kuyashusha ni shida.

Kuna kauli moja kila mtu anaisema akiwa anaondoka: ukihitaji chochote usisite, nipigie. Wanaimaanisha kabisa. Ila mgonjwa hapigi. Mimi sikupiga hata mara moja mwezi mzima, kwa sababu ukiwa umelala pale unaanza kuhesabu, huyu ana mtoto mchanga, huyu bosi wake mkali, huyu nilimsumbua juzi, unaishia kujibana. Na yeye huko anasubiri simu na anaogopa kukusumbua. Dawa yake niliyoiona mimi ni kazi yenye siku na saa. Sio nisaidie jamani, bali Jumanne saa nne unipeleke kliniki, au Alhamisi uwachukue watoto shule ukae nao mpaka jioni. Mtu akipewa kitu cha hivyo anafurahi, utaona mpaka sauti inabadilika.

Na hilo asilifanye mgonjwa. Tafuta mtu mmoja awe ndo msemaji na mpangaji. Mdogo wangu alifungua grupu la WhatsApp akaweka yeye tu ndo anaandika, wengine wanasoma, maana bila hivyo kila habari inakuja na meseji themanini na wewe unaona lazima ujibu, na unarudia hadithi ya ugonjwa wako kwa kila anayepiga, na kila ukirudia unaumia upya. Pia kule ndo zinaletwa dawa za kila namna watu walizosikia. Hawana nia mbaya, lakini kuna dawa za mitishamba zinazoongeza kutoka damu na nyingine zinagongana na kemo, yaani zile dawa za kuua seli za saratani, kwa hiyo mdogo wangu alikuwa anashukuru, anaandika jina, tunaenda kumuuliza dokta kwanza.

Wageni nao. Rafiki yangu mmoja alikuwa akija, dakika ishirini zikipita anasimama mwenyewe anasema jamani tumwache mgonjwa apumzike, na wote mle ndani wanasimama nae. Sikuwahi kumwomba, alilitambua tu usoni kwangu, na sidhani kama anajua alinisaidia kiasi gani. Kama una mtu wa hivyo mwambie kabisa hiyo ndo kazi yake.

Sasa niseme lililo gumu kwangu. Kuoga. Siku za mwanzo huwezi kuinua mkono, huwezi kujipangusa mgongo, na dreni zinaning'inia, lazima mtu akusaidie, na mtu huyo ataona. Mimi nilimchagua mdogo wangu. Mume wangu nilimwambia abaki nje. Alikaa nje ya mlango wa bafu siku kumi na moja, kila siku, anasubiri nimalize ili anishike mkono kurudi kitandani, na hakuuliza. Nilijiambia namlinda asione. Siku ya kumi na mbili mdogo wangu hakuwepo, nikakaa kitandani nikasema leo sitaoga, mume wangu akanijibu taratibu, mama fulani, mimi nilisaini fomu ya oparesheni pale pamoja na wewe, unadhani sikujua wanatoa nini? Nikamruhusu. Aliosha kifua changu kama anaosha mtoto, akakausha kwa kugonga gonga taulo, akanifunga vifungo vya shati. Hakusema kitu na mimi sikusema. Usiku ule ndo nililala vizuri mara ya kwanza. Sikwambii na wewe ufanye hivyo, kila ndoa na mambo yake, na kuna mwanamke atataka kujiangalia mwenyewe kwanza kwenye kioo kabla ya mtu yeyote, ni haki yake. Nachosema ni kwamba usimwamulie mwenzio kwamba hataweza kuona. Muulize.

Watoto tuliwaambia ukweli, tukataja saratani kwa jina lake, tukawaambia haiambukizi, na kwamba mama mnamkumbatia upande wa kulia. Walishika hilo la upande wa kulia haraka kuliko wakubwa.

Vitu vidogo vilivyonisaidia nitavipitia haraka tu: shati la vifungo mbele, mto mdogo wa kuweka kwapani na mwingine kati ya kifua na mkanda wa gari, kulala chali mgongo umeinuliwa, na karatasi ukutani yenye namba za hospitali na dalili za hatari ili yeyote aliyepo nyumbani ajue asisubiri asubuhi. Kwenye karatasi yetu tuliandika joto likifika 38, wekundu unaosambaa au usaha, damu nyekundu nyingi ya ghafla kwenye dreni, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kupumua kwa shida au kifua kubana. Hayo mawili ya mwisho yanaweza kuwa damu imeganda, hapo unaenda saa hiyo hiyo. Mimi baada ya dreni ya mwisho kutolewa nilivimba chini ya kidonda, maji yamejikusanya, wakayavuta kwa sindano na ikaisha, wala sio jambo la kutisha ila usijikamue nyumbani.

Mkono wa upande uliotolewa matezi unataka uangalizi wa muda mrefu maana unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Kule kwangu waliniambia presha na sindano zichukuliwe mkono wa pili, na nisikie chochote, uzito, kubana kwa pete au saa, nirudi. Ngozi ya ndani ya mkono ilikufa ganzi, bado ina ganzi mpaka leo, kwa hiyo maji ya moto na pasi nashika kwa mkono mwingine. Mazoezi usiyaache hata kama yanauma. Lile la kupandisha vidole ukutani kama buibui, mume wangu alikuwa anaweka alama ya penseli pale nilipofikia na tarehe pembeni. Alama ya kwanza ilikuwa chini ya bega. Kuna wiki haikupanda kabisa, nikahisi kama kamba imevutwa kutoka kwapani mpaka karibu na kiwiko, nikaogopa ugonjwa umerudi. Mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, akaniambia hizo kamba zinawapata wengi waliotolewa matezi, akaninyoosha taratibu wiki kadhaa zikaachia.

Narudi kwenye ile siku ya majibu. Kingo za kinyama walichokitoa zilikuwa safi, hazina saratani, lakini matezi mawili yalikutwa na seli za saratani, kwa hiyo kemo, kisha mionzi. Nilisikia hapo tu, yaliyofuata yote sikusikia, aliyeyaandika ni mdogo wangu. Usiende kuchukua majibu peke yako hata kama unajiona jasiri. Tulipofika nyumbani nilimkuta mdogo wangu jikoni analia, amesimama tu na maji yanatiririka kwenye sinki. Alikuwa hajalala usiku mzima hata mmoja kwa wiki tatu na hakuna aliyemuuliza, hata mimi. Kila anayekuja anamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Anayekuuguza anahitaji siku yake kamili ya kutoka, na mtu mwingine wa kulala pale usiku, na apangiwe tangu mwanzo, asisubiri mpaka adondoke.

Na hapo ndo tulikuwa tunaanza upya, miezi ya kemo iko mbele, na grupu limeshapoa. Watu wananiona naenda mlangoni mwenyewe wanasema umependeza, umepona kabisa, na mimi nikipanda ngazi inabidi nikae katikati. Uchovu ule haufanani na wa kazi, unalala masaa kumi unaamka umechoka vile vile. Kuomba tena wakati umeshaombewa, umeshaletewa, umeshashukuru, ni kugumu, nilikaa na simu mkononi karibu saa nzima. Nikaanza na mama mmoja wa kazini ambae sikuwa karibu nae sana, alikuwa kati ya wale wa siku ya kwanza. Akasema, nilikuwa nasubiri mniambie nifanye nini. Akachukua Jumatano. Wa pili alisema hawezi, tukaongea vizuri tu, wa tatu akachukua siku za kemo zenyewe maana ana gari.

Daftari la dreni lilikuwa limebaki na kurasa nyingi. Yule binti wa dada yangu akaligeuza, akaanza upande wa nyuma, na ukurasa wa kwanza hakuandika dawa, aliandika majina na siku zao, mpaka mwezi wa sita, na kila wiki ameacha siku moja ambayo mama mdogo haruhusiwi kuja.