Tumwige Wim Hof, lakini pumzi yake isifike ziwani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kati ya wanaojitosa kwenye baridi kali, nani anafaa kuigwa na vijana wetu, na kwa lipi?

Namtaja Wim Hof, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1959. Mwaka 2007 alikimbia nusu marathoni pekupeku juu ya theluji, kaskazini mwa Finland. Mwaka huohuo alipanda Everest amevaa kaptura, akapita mita 7,000, mguu ukamgomea, akageuka. Mimi nauheshimu uamuzi ule wa kugeuka kuliko rekodi zake zote. Namheshimu pia kwa kukubali kupimwa. Watafiti wa Nijmegen, mji wa Uholanzi, waliwadunga sumu ya bakteria watu aliowafundisha na wengine ambao hawakufundishwa. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kuwa wanafunzi wake walipata dalili chache zaidi za ugonjwa.

Sasa tuje kwetu. Uganda theluji iko Rwenzori tu, huko juu karibu na kilele cha Margherita, mita 5,109, na barafu yake inazidi kuyeyuka. Kijana wa Entebbe ataipata wapi? Kinachomfikia kwenye simu ni lile zoezi la Hof la kupumua: pumzi nzito za haraka, thelathini au zaidi, kisha kuibana. Nafundisha watoto kuogelea, na nimewaona vijana mwaloni wakipumua hivyo kabla ya kupiga mbizi, wakishindana nani atakawia chini.

Jamani, hapo pana kifo! Kinachokulazimisha kuvuta pumzi hasa ni kabonidioksaidi kujaa mwilini, si oksijeni kupungua. Ukipumua kwa kasi unaitoa kabonidioksaidi kwa wingi, lakini oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana. Ukizama, king'ora cha mwili kimezimwa. Unajiona una nguvu, hamu ya kupumua haijaja, ghafla unazirai. Uhodari wa kuogelea haukusaidii hapo. Tena maji yetu si ya baridi. Hayamfukuzi mtu, anakaa tu.

Hof mwenyewe anakataza zoezi hili lisifanywe majini. Hata yeye, alipojaribu kuogelea chini ya barafu Finland mwaka 2000, macho yaliganda asione tundu la kutokea, mzamiaji akamwokoa. Mwaloni hakuna mzamiaji. Kijana ana wenzake tu, wanahesabu sekunde na kushangilia.

Anayetaka kumwiga aanze na maji baridi ya bafuni, na mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Zoezi la pumzi alifanye ameketi mkekani, mbali na maji na mbali na bodaboda. Nanyi walimu na wazazi wa Entebbe, Jinja na visiwa vya Ssese, mkimwona mtoto anahema kwa kasi kabla ya kupiga mbizi, mtoeni majini kwanza. Maelezo mtampa akiwa nchi kavu.